Kifaranga wa Kambare Hajapata Tumbo: Acheni Kumpa Unga Mapema

Kuanzia Ganda hadi Mambrui, pande hizi za Malindi, naitwa kwa jambo lile lile. "Afisa, vifaranga jana walikuwa wazima, leo wamelala weupe chini ya beseni." Nauliza walikuwa wakila nini. Najibiwa unga wa dagaa na pumba, umetwangwa na kuchekechwa mpaka ukawa laini kama poda. Nauliza walianza kupewa lini. Siku ile ile walipoanguliwa, au kesho yake. Baada ya hapo sina haja ya kuuliza swali la tatu.

Habari za sindano ya homoni, kukamua mayai na kuyatandaza kwenye wavu sizirudii hapa. Mnazijua, na wengine mnazifanya vizuri kunishinda. Hasara inaingia baadaye, katika siku 10 za mwanzo, nayo inaingia kupitia mdomoni.

Mwezi uliopita, katika shamba moja, nilimchukua kifaranga wa siku ya 5 aliyekuwa akikata roho. Nikamlaza na tone la maji kati ya vipande viwili vya kioo, nikamtazama juani kwa kioo cha kukuzia. Ngozi ya tumbo lake bado ni nyembamba, mwanga unapita, na utumbo wote unaonekana: mrija mfupi ulionyooka, umejaa unga kuanzia kooni mpaka njia ya haja. Unga wa mwisho ulikuwa na rangi ile ile ya unga wa mwanzo. Ulikuwa umepita tu. Mwenye shamba akaniambia, "Lakini si ameshiba?" Ndiyo, ameshiba, na anakufa njaa.

Kambare mkubwa ana mfuko wa tumbo unaotoa asidi na pepsini, kimeng'enya cha kuvunja protini, ndiyo maana akimeza samaki mzima haoni taabu. Kifaranga hazaliwi na mfuko huo. Anapoanguliwa hata mdomo haujafunguka. Anaishi kwa kifuko cha kiini alichokibeba chini ya tumbo. Ini na kongosho hutangulia kukomaa, na kongosho humpa kimeng'enya cha tripsini, ambacho kinatosha kuyeyusha nyama laini ya mdudu mdogo aliye hai. Asidi na pepsini huja nyuma, siku 4 hadi 5 tangu aanze kula, akiwa amefikia urefu wa milimita 10 hadi 12. Kabla ya hapo protini kavu ya dagaa ni mzigo asioweza kuufungua. Usage uwezavyo, utwange usiku kucha, ulaini wa unga hauzai asidi.

Mzee mmoja wa Sabaki alinibishia. Alisema watoto hawa wanafanana na viluwiluwi wa chura, na viluwiluwi mbona wanaishi kwa utando wa kijani na uchafu wa bwawa, hawapewi artemia, vile vijidudu hai vya maji ya chumvi, wala nini. Hoja yake nzuri, na nadhani wengi mnayo moyoni, kwa hiyo tuitazame. Kwa umbo ni kweli wanafanana: kichwa kikubwa, mkia mwembamba, rangi ya moshi. Lakini mchote kiluwiluwi kwenye dimbwi wakati wa masika, mtie kwenye gilasi, umtazame kwa chini. Utaona utumbo mrefu uliojiviringisha mizunguko mingi, kama kamba ya ngalawa iliyokunjwa. Urefu huo ndio unaompa nafasi ya kula mwani, kwa kuwa chakula cha majani kinataka safari ndefu. Akikaribia kuwa chura anaacha kula kabisa. Mkia unanywea, utumbo nao unafupika mpaka inabaki kama robo ya urefu wake wa awali, na hapo ndipo tumbo lenye asidi linakamilika ili aweze kula wadudu. Yaani hata yeye habadilishi chakula kabla tumbo halijawa tayari. Kifaranga wa kambare hana utumbo mrefu wa kiluwiluwi, na tumbo la mla nyama halijafika. Aliyesimama katikati hivyo anahitaji chakula kilicho hai.

Sasa vipimo, na hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu kupima kwa kiganja ndiko kunakowamaliza.

Maji yakiwa nyuzi 28, kifaranga anaanguliwa yapata siku moja baada ya mayai kutungishwa. Siku ya 1 na ya 2 baada ya kuanguliwa usitie chochote kwenye beseni. Si unga, si kiini cha yai la kuchemsha, si maziwa. Kiini cha yai ndicho kibaya kuliko vyote: kinayeyuka, maji yanachacha, na kifaranga mchanga hawezi kupanda juu kuvuta hewa kama baba yake, kwa sababu kiungo cha kupumulia hewa hukua wiki ya pili na kuendelea. Siku ya 3 wataanza kuinuka kutoka chini na kuogelea. Mwangalie mmoja kwa kioo: kifuko kikibaki kama theluthi moja, anza kulisha. Usingoje kiishe. Na katika kusi, mwezi wa 6 hadi wa 8, beseni likilala nje maji yanapoa alfajiri na kila kitu kinachelewa. Fuata kifuko, usifuate kalenda. Kipimajoto kiwe ndani ya maji muda wote.

Chakula cha kwanza ni hao artemia. Si kitu cha kigeni kwenu. Waliingizwa kwenye mashamba ya chumvi ya huku Gongoni miaka ya 1980. Mayai yake makavu yanauzwa kwenye makopo, na kopo likishafunguliwa lifungwe kabisa na kukaa kwenye friji, maana unyevu wa pwani unayaua.

Kuyatotoa hakuhitaji chumvi ya dukani. Bahari iko hapa. Chota maji safi ya bahari mbali na mdomo wa mto, yachuje kwa kitambaa. Tia gramu 1 hadi 2 za mayai kwa kila lita moja. Gramu, si kijiko. Kama huna mizani ndogo, nenda kwa sonara akupimie mara moja na ufunge vipakiti vya matumizi ya wiki nzima. Pampu ya hewa ivume bila kukoma, taa iwake juu ya chombo, nyuzi 28. Baada ya saa 18 hadi 24 wameanguliwa. Zima pampu dakika 10 na ushushe taa iangaze chini ya chombo: maganda yatapanda juu, artemia watashuka chini kuelekea kwenye mwanga. Wanyonye kwa mpira kutoka chini, wachuje, wasuuze kwa maji yasiyo na chumvi. Maganda yasiingie kwenye beseni la vifaranga, yanaziba utumbo ule mwembamba niliowaeleza.

Artemia akiingia kwenye maji yasiyo na chumvi anaishi kiasi cha saa moja tu, kisha anakufa na kuoza. Kwa hiyo unatia kidogo, kinacholiwa kikaisha ndani ya nusu saa, na unarudia kila saa 3. Saa 12, saa 3, saa 6, saa 9, mchana na usiku.

Hapo usiku ndipo tunapokosana. Wengi mmezoea kulisha kwa kufuata adhana, na ni utaratibu mzuri, haumsahaulishi mtu. Lakini hesabu wenyewe: kutoka isha hadi alfajiri ni zaidi ya saa 9. Kambare ni samaki wa usiku, muda huo ndio anaotafuta chakula, na kifaranga mwenye njaa anamshika mwenziwe mkia. Asubuhi mnakuta vichwa vitupu mnasema chura ameingia. Hakuna chura. Anayefuata adhana aongeze saa 5 usiku na saa 8 usiku, kwa siku 5 za kwanza za kulishwa tu. Gawaneni zamu nyumbani.

Asiye na uwezo wa kununua artemia aweke mbolea ya kuku kwenye bwawa dogo wiki moja kabla, avune vijidudu vya majini alfajiri kwa wavu laini, apitishe kwenye chandarua ili wadudu wakubwa na watoto wa kereng'ende wabaki nje. Ni kazi zaidi, ila inawezekana.

Unga unaingia siku ya 5 ya kulishwa, si kabla, nao unaingia kwa hatua. Siku hiyo sehemu 1 ya unga kwa sehemu 3 za artemia. Siku ya 6 nusu kwa nusu. Siku ya 7 sehemu 3 za unga kwa 1. Siku ya 8 unga mtupu. Chembe ziwe za milimita 0.2 hadi 0.3, protini isipungue asilimia 45. Pumba haifikii hapo hata uiombee dua. Safisha chini ya beseni kwa mpira kila asubuhi kabla ya mlo wa kwanza.

Matumbo yakionekana ya rangi ya chungwa, artemia wameliwa, mko sawa.

Kuanzia wiki ya pili anza kuwatenga wakubwa kila baada ya siku 3. Yule mmoja aliyewazidi wenziwe kwa kichwa mwondoe siku hiyo hiyo unapomwona, usimwache kwa kuwa amenawiri. Amenawiri kwa kula wenziwe.