Umemaliza kozi ya usalama wa anga? Jifunze kuandika boliti

Ukimwambia mjomba umesomea usalama wa anga, atadhani unapekua mabegi. Zoea tu. Kiswahili kimetupa neno moja kwa kazi mbili, yetu ni ile ya kuzuia ajali.

Nilitoka chuo nimekariri jedwali la hatari: uwezekano 1 hadi 5, ukali A hadi E, ikifika 5A, yaani mbaya kuliko zote, simamisha kazi. Kiambatisho cha 19 cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, cha mwaka 2013 na nguzo zake nne za kusimamia usalama nilizitiririsha kwenye usaili, nikapata kazi. Chuo sikidharau. Lakini ripoti yangu ya kwanza ilisomeka, "Uchafu umeonekana kwenye maegesho ya ndege." Bosi akaniuliza: karatasi au chuma? Saa ngapi? Nikabaki natazama viatu.

Kwa hiyo, ukiwa bado chuoni, andika ripoti moja kila wiki, hata ya ngazi za hosteli. Andika hivi: boliti moja, urefu wa kidole, mita tatu mbele ya injini ya kushoto, maegesho namba 4, 0340 UTC (saa ya kimataifa).

Hapo kwenye saa ndipo wengi huanguka. Mpakia mizigo atakwambia "saa kumi na mbili na dakika arobaini". Saa ya ukutani inaonyesha 6:40. Ripoti inataka 0340, maana sisi Afrika Mashariki tuko mbele ya UTC kwa saa tatu. Ukiandika 12:40, wenzako watapekua kamera za mchana wakati tukio lilikuwa alfajiri.

Ukienda field, yaani mafunzo kwa vitendo, kataa kufungiwa ofisini upange mafaili. Omba zamu ya usiku, ukanywe chai na wapakiaji. Usiulize nani kakosea, uliza, "Kaka, leo nini kilitaka kukuharibikia?" Mmoja aliniambia siku ya tatu kwamba gari la mkanda wa mizigo "liliigusa ndege kidogo". Kidogo ni kiasi gani? Nilimwomba anioneshe kwa kidole palepale ubavuni, nikamwita fundi kabla abiria hawajapanda. Jina lake sikuliandika, na tangu hapo wengine wakaanza kunifuata wenyewe.

Kama ndiyo kwanza unatafuta chuo, kabla ya kulipa ada uliza mwanafunzi hukaa siku ngapi penye ndege. Wakianza kukutembeza maabara ya kompyuta, uliza tena.