Kurekebisha Gia za Baiskeli Mpya Zinapoanza Kusita

Baiskeli mpya ya gia huenda vizuri kwa majuma machache, kisha siku moja, mwenyewe akiwa anaupanda mlima wa Bugando jijini Mwanza, cheni huanza kupiga kelele, kusita na kuruka meno. Wengi hudhani wameuziwa baiskeli mbovu, ilhali mara nyingi waya wa gia na ganda lake vimejikaza tu katika nafasi zake baada ya kuvutwa mara kwa mara, na waya ukabaki umelegea kidogo.

Usianze na skrubu mbili zenye herufi H na L zilizo kwenye kihamisha gia cha nyuma, yaani kifaa kinachosogeza cheni kutoka gia moja hadi nyingine. Kazi yake ni kuweka mipaka ya mwendo wa cheni, na ile ya L ikilegezwa ovyo, cheni yaweza kuingia kwenye spoku ukiwa njiani.

Anza na waya. Mwombe mtu akuinulie gurudumu la nyuma, weka cheni kwenye sproketi (gurudumu la meno) ndogo kabisa, zungusha pedali kwa mkono, kisha badilisha gia moja tu. Cheni ikisita kupanda sproketi ya pili, shika nati ya kurekebishia iliyo mahali waya unapoingia kwenye kihamisha gia cha nyuma na, ukiitazama kutoka nyuma ya baiskeli, izungushe robo mzunguko kinyume cha mwendo wa saa, ndipo ujaribu tena. Cheni ikipitiliza, au ikichelewa kurudi kwenye sproketi ndogo, izungushe upande wa pili. Robo moja kwa wakati inatosha. Mwenye haraka hupoteza mahali alipoanzia.

Waya ukiwa sawa na gia bado zinasita, chuchumaa nyuma ya baiskeli uangalie kama kihamisha gia kimepinda kuelekea kwenye spoku. Kikiwa kimepinda, mpelekee fundi mwenye kifaa cha kukinyoosha. Ndiyo maana anayesafirisha baiskeli kwa meli kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, ahimize ilazwe upande wa kushoto, usio na gia.

Cheni ipake oili nyepesi, kisha uifute kwa kitambaa. Oili chafu ya gari, ambayo wengi wetu tumeizoea, hushika mchanga wa ufukweni na kuyala meno ya sproketi.

Unapoendesha, badilisha gia kabla mlima haujaanza, ukiendelea kukanyaga polepole, kwa sababu cheni iliyobeba uzito wako wote haihami kwa ulaini hata waya ukiwa umerekebishwa barabara.