Ovalodi ya mota ya kinu: pima kwanza, ndipo ushike bisibisi

Mota nyingi ninazoitwa kuziangalia kwenye vinu vya posho kati ya Busia na Tororo zimeungua ovalodi, kile kifaa kinachokata umeme mota inapovuta ampea kupita kiasi, ikiwa nzima kabisa. Kuna mtu aliizungusha juu ili isikate, basi. Hivi ndivyo ninavyoiweka, na hivi ndivyo ninavyotafuta tatizo inapokata.

1. Soma bati la mota

Zima swichi kuu, ifunge kwa kufuli, hakikisha kwa testa kwamba umeme haupo. Futa unga kwenye bati utafute ampea. Mota ya kilowati 15 kwa volti 415 huwa karibu ampea 27. Ukikuta namba mbili, mfano 28/16, kubwa ni ya delta kwa volti 400 na ndogo ni ya sta kwa volti 690; delta na sta ni namna mbili za kuunganisha koili za mota. Kwa umeme wetu unatumia ile kubwa.

2. Weka namba hiyo, usiiongeze

Wako mafundi wanaoongeza asilimia 10 ili mota ipumue. Nafasi hiyo imo tayari. Kwa kiwango cha kimataifa cha IEC, ovalodi haikati mkondo ukiwa mara 1.05 ya ulichoweka, na ukifika mara 1.2 lazima ikate ndani ya saa 2. Ukiongeza yako juu ya hiyo, koili ndizo zinazolipa. Tena mota za kawaida zimeundwa kwa kazi hadi mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Victoria lenyewe liko kwenye mita 1,134 hivi. Ukipanda Kapchorwa au Kabale, hewa ni nyepesi zaidi na inapoza mota kwa shida.

Kwenye sta-delta, yaani mota inayowaka kwa sta kisha ikahamia delta, ndipo wengi hupotea. Ovalodi iliyofungwa chini ya kontakta kuu (swichi inayowasha mota), ndani ya delta, inapitisha asilimia 58 tu ya mkondo wa laini. Kwa hiyo 27 mara 0.58 ni 15.7, na hapo ndipo unapoweka. Nilikuta kinu kimoja imewekwa 27 palepale chini ya kontakta. Maana yake laini ingeweza kuvuta karibu ampea 47 bila ovalodi kushtuka. Nilipofungua kifuniko cha mota, vanishi ya koili ilikuwa nyeusi, ikimeguka kwa ukucha.

3. Angalia daraja

Daraja la ovalodi huonyesha inachelewa kiasi gani kukata. Daraja la 10 hukata kati ya sekunde 4 na 10 mkondo ukiwa mara 7.2 ya ulichoweka; daraja la 20 kati ya 6 na 20. Kinu cha hama (cha nyundo) kina uzito na huchelewa kushika kasi. Kama kinakata wakati wa kuwaka tu, na hakina mahindi ndani, badilisha daraja. Namba iache ilipo.

4. Jaribu kwamba inakata kweli

Mota ikizunguka bila mzigo, bonyeza kitufe cha majaribio. Kontakta lazima iachie. Isipoachia, fuata waya wa 95 na 96, yaani mguso wa ovalodi unaoachisha kontakta. Nimewahi kukuta namba hizo mbili zimeunganishwa kwa kipande cha waya. Kama ovalodi ina chaguo la kujirudisha yenyewe, weka la mkono. Mtu anaweza kuwa ameingiza mkono kutoa chujio, mota ikawaka.

5. Inapokata

Mama mmoja mwenye kinu aliniambia, "Fundi, ongeza kidogo tu, magunia ya shule yanangojwa." Nikamwomba, "Mama, nipe nusu saa nipime." Klampu mita ikiwa kwenye nyaya, mzigo kamili, nikapata 24, 27 na 33.

Zikitofautiana hivyo, pima volti kati ya fezi. Pale zilikuwa 412, 405 na 388. Wastani ni 401.7, na ya chini imepungua kwa 13.7, yaani asilimia 3.4. Tofauti hiyo ndogo inaweza kuongeza joto la koili kwa zaidi ya asilimia 20. Kisha zima, hamisha nyaya zote tatu za kuingia kwenye paneli kwa mzunguko mmoja: ya kwanza iende ya pili, ya pili iende ya tatu, ya tatu irudi ya kwanza. Mota itazunguka upande uleule. Ampea kubwa ikihama pamoja na waya wa umeme, kasoro iko kwenye laini. Ikibaki kwenye waya uleule wa mota, kasoro iko kwenye paneli au mota. Pale ilihama. Tukafuata nyaya hadi kwenye fyuzi ya kuingilia ya kinu, tukakuta kishikio kimoja kimeungua na kulegea.

Ampea tatu zikiwa sawa lakini juu ya bati, shida ni mzigo: mahindi mabichi, chujio kilichoziba, beringi, mkanda uliokazwa mno. Zikiwa chini ya ulichoweka na bado inakata, angalia skrubu za ovalodi yenyewe. Skrubu iliyolegea huchoma, na joto lake hukunja bati la ndani ya ovalodi kama vile mota imezidiwa. Plastiki yenye rangi ya kahawia itakuonyesha ni ipi.

Kabla ya kurudisha, subiri ipoe dakika kadhaa. Ikiwa mota inanuka kuungua, pima insulesheni kwa mega (kipima insulesheni) ya volti 500. Chini ya megaomu 1, usiwashe.

6. Andika

Ndani ya mlango wa paneli andika kwa kalamu ya wino mzito tarehe, namba uliyoweka na ampea tatu za mzigo kamili. Kwa yule mama, baada ya kubadilisha kishikio, niliandika 25.8, 26.1 na 25.5.