Mali kauli haijalipwa: namna ya kudai deni lako Mwanza bila kumkaba mtu shati

Pale Mwaloni Kirumba mzigo mwingi huondoka kwa mali kauli. Mchuuzi anapakia magunia ya dagaa, anapeleka Kahama, Tabora au Dar, anauza, ndipo anarudisha hela. Utaratibu huo ni mzuri hadi siku simu inapoanza kuita bila kupokelewa. Mimi ni msaidizi wa kisheria, na wengi wanaofika mezani kwangu wakiwa na jambo hili huanza na neno moja: "Nisaidie awekwe ndani." Nikiwauliza yule jamaa akikaa ndani dagaa zitalipwa na nani, wananyamaza. Deni hulipwa na mali au kipato cha mdaiwa, basi. Hatua zote zinazofuata zinalenga hapo.

Ninaandika pia kwa anayedaiwa. Sokoni hao wawili mara nyingi ni mtu yuleyule: huku anadai Kahama, huku anadaiwa na wenye mitumbwi.

Hatua ya 1: Jua kama ni deni au ni jinai

Mtu aliyechukua mzigo akiwa na nia ya kulipa, kisha bei ikaanguka au dagaa zikalowa njiani, ni mdaiwa. Si mwizi. Polisi hawana kazi ya kukusanya madeni, na kumtishia mtu kwa askari unayemfahamu kunaweza kukugeukia wewe.

Jinai inaingia pale mtu alipokudanganya tangu mwanzo ili umpe mali: alijifanya wakala wa kampuni isiyomtambua, au alikuonyesha ujumbe wa malipo wa kughushi ukaachia mzigo. Huko ni kujipatia mali kwa udanganyifu, nenda kituoni na ushahidi wako. Ukiwa na shaka, chukulia ni deni na uendelee na hatua ya pili.

Wengine huniambia, "Lakini hatukuandikishana." Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatambua makubaliano ya mdomo. Shida ya mdomo si uhalali, ni kuthibitisha.

Hatua ya 2: Mpe asaini hesabu

Kama una nguvu ya kufanya jambo moja tu katika mwongozo huu, fanya hili. Kabla hujamfokea, kaa naye mpige hesabu, kisha aandike kwa mkono wake au asaini maandishi kama haya:

"Mimi (majina matatu, namba ya NIDA, mtaa ninapoishi) nakiri kwamba tarehe 3 Machi nilichukua kwa (jina la mdai), Mwaloni Kirumba, magunia 40 ya dagaa kwa shilingi 4,800,000. Nimelipa shilingi 1,300,000. Ninadaiwa shilingi 3,500,000 na nitailipa kwa awamu mbili: shilingi 1,750,000 tarehe 30 Juni na shilingi 1,750,000 tarehe 31 Julai."

Sahihi yake, ya kwako, na ya shahidi mmoja kila upande. Shahidi awe mtu anayepatikana. Utingo wa lori hafai, mwezi ujao hujui yuko wapi.

Angalia tarehe. Huku ziwani watu hulipana kwa mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, mbalamwezi ikikolea mitumbwi inakaa ufukweni na hela inakauka. Kwa hiyo mdaiwa anakuahidi, "Giza likiingia nakulipa." Giza lipi? Huingia kila mwezi. Panga malipo yafuate msimu wake, ni busara, ila karatasini andika tarehe ya kalenda, ili siku ya kesi pasiwe na mjadala kama muda ulifika au haukufika.

Karatasi hiyo ina faida nyingine ambayo wengi hawaijui. Chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, madai ya mkataba yana miaka 6 tangu haki ya kudai ilipoanza. Mdaiwa akikiri deni kwa maandishi yenye sahihi yake, au akilipa sehemu, kabla miaka hiyo haijaisha, hesabu inaanza upya. Ndiyo maana hata elfu hamsini aliyokutumia kwa simu usiidharau, itunze kumbukumbu yake.

Akikataa kusaini, usipigane. Mtumie ujumbe wenye hesabu kamili, ueleze mzigo, tarehe na kiasi kilichobaki. Wengi hujibu, "Nimekuelewa dada, nivumilie kidogo," na jibu hilo ni ushahidi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu meseji na mazungumzo ya WhatsApp kupokelewa mahakamani, mradi uweze kuonyesha yametoka wapi na hayajachezewa. Usifute, usiuze hiyo simu, na omba kwa mtandao wako taarifa ya miamala yenu.

Mambo mawili madogo. Riba ambayo hamkukubaliana usiichomeke kwenye hesabu. Na mkataba ulioandikwa hulipiwa ushuru wa stempu. Usipolipiwa unaweza kukwama usipokelewe mpaka ulipe ushuru na faini yake.

Hatua ya 3: Barua ya madai

Ukurasa mmoja unatosha: anadaiwa nini, kwa msingi gani, alipe wapi, mwisho lini, na kwamba asipolipa utafungua shauri. Siku 14 ndizo zilizozoeleka kwa madai ya watu binafsi. Asaini nakala yako. Akikwepa, ipitishe kwa mtendaji wa mtaa anakoishi, naye agonge muhuri. Mtendaji anaweza pia kuwasuluhisha, na suluhu nyingi nzuri nimeziona zikifungwa kwenye benchi la ofisi ya mtaa. Ila hana mamlaka ya kuuza friji ya mtu.

Wewe pia huna. Kwenda na vijana usiku kubeba mashine ya mtumbwi bila amri ya mahakama kunakuhamisha kutoka kwenye kudai hadi kwenye kushtakiwa.

Hatua ya 4: Chunguza ana nini

Fanya hivi kabla hujalipa ada ya mahakama. Ana kiwanja? Pikipiki? Mtumbwi ni wa jina lake au anauendesha tu? Je, naye anadai watu? Huku kwetu mtumbwi unaweza kuwa wa huyu, mashine ya yule na nyavu za mkopo wa kikundi. Ukikamata kitu kisicho chake, mwenyewe atakuja na pingamizi, na utarudi nyuma. Kama kweli hana kitu, awamu ndogo ndogo zilizoandikwa vizuri zitakufaa kuliko hukumu ya kuning'iniza ukutani.

Hatua ya 5: Fungua shauri

Deni la mkataba lisilozidi shilingi milioni 30 linasikilizwa na Mahakama ya Mwanzo. Likizidi hapo, nenda Mahakama ya Wilaya, ambayo nayo ina kikomo chake, na huko ningekushauri utafute wakili.

Shauri unaweza kulifungua pale mdaiwa anapoishi au anapofanya biashara, au pale madai yalipozaliwa. Hili lina maana kubwa kwa watu wa visiwani. Kama mzigo ulikabidhiwa Kirumba na mnunuzi kakimbilia Ukerewe, si lazima uvuke maji kila tarehe ya kesi. Upande wa pili wa shilingi: ukishinda, mali yake iko kule.

Beba nakala za kila kitu, ya mahakama, ya mdaiwa na ya kwako. Eleza madai yako kwa ufupi, karani atakupa kontroo namba, yaani namba ya kulipia serikalini, ulipie ada, kisha wito utatolewa. Hakikisha wito umemfikia kweli. Asipotokea bila sababu baada ya kupelekewa, shauri linaweza kusikilizwa upande mmoja; lakini kama hakuupata, ataomba hukumu itenguliwe na utaanza upya.

Mbele ya hakimu simulia kwa tarehe. Hasira zako hazina kielelezo namba. Mdaiwa akikubali deni akaomba awamu, sikiliza kabla ya kukataa, na mkikubaliana omba yaandikwe kuwa amri ya mahakama. Asiyeridhika na hukumu ya Mahakama ya Mwanzo ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya.

Hatua ya 6: Kukazia hukumu

Hapa ndipo watu huvunjika moyo, kwa sababu walidhani siku ya hukumu ndiyo siku ya hela. Mahakama haikufuatilii mdaiwa kwa hiari yake. Lazima uombe utekelezaji, uonyeshe mali ipi ikamatwe, na kazi hiyo hufanywa chini ya amri ya mahakama, kwa kawaida na dalali wa mahakama. Dalali wa mtaani mwenye koti zuri hahesabiki.

Si kila kitu kinakamatwa. Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, inayoongoza mahakama kuanzia za wilaya kwenda juu, inalinda nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, vifaa vya kazi vya fundi, na nyumba anayoishi mdaiwa na mkewe na watoto wanaomtegemea. Cherehani ya fundi nguo iache. Mvuvi anayetaka nyavu zake zihesabiwe kuwa vifaa vya kazi aliseme hilo mapema, kabla mnada haujapigwa.

Na kile kifungo ambacho kila mtu anakiulizia? Kipo, kinaitwa kifungo cha madai. Chini ya sheria hiyo hiyo hakizidi miezi 6, anayedai ndiye anayelipia chakula cha mfungwa, na akitoka deni liko palepale. Kinasaidia kwa mtu mwenye hela anayezificha. Kwa asiye nacho, unaongeza hasara juu ya hasara.

Kama wewe ndiye unayedaiwa

Pokea wito. Kukimbia wito ndiko kunakowaponza wengi, maana anayedai anabaki kuongea peke yake na hesabu yake inakuwa ndiyo hesabu. Lipa kwa njia inayoacha alama, na ukilipa taslimu dai risiti papo hapo. Kiasi unachokubali kikiri, unachobisha kibishe kwa vielelezo.

Nyumba uliyoweka rehani benki haina ile kinga ya nyumba ya kuishi niliyoitaja kwenye hatua ya 6. Hata hivyo mkopeshaji anatakiwa kukupa notisi ya siku 60 kabla hajatumia haki yake juu ya rehani, na nyumba ya familia haiwekwi rehani halali bila ridhaa ya mwenzi. Mwenzi ambaye hakuridhia asisubiri siku ya mnada.

Kwenye mikopo ya kausha damu, ile ya mitaani yenye riba kubwa, uliza leseni kwanza. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayefanya biashara ya kukopesha hela lazima awe na leseni, na Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wasiopokea amana. Yule anayekutoza asilimia 30 kwa wiki, mpeleke kwenye malalamiko. Kadi yako ya benki na namba ya siri usimwachie mtu yeyote, hata awe jirani.

Mdhamini

Ukisaini udhamini, mdai anaweza kukufuata wewe moja kwa moja kama anavyomfuata mkopaji. Kinga yako ni kwamba wakibadilisha masharti bila kukushirikisha, unaweza kujitoa kwa yale yaliyofanyika baada ya hapo. Na ukilazimika kulipa, chukua kwa mdai ile karatasi ya kukiri deni pamoja na dhamana yoyote aliyokuwa ameshika: haki zake zimehamia kwako, na sasa wewe ndiye wa kuanza hatua ya tatu.