Embe kavu: uliza salfa kabla ya kulipia

Ukiwa Ujerumani au Uholanzi na unataka kuagiza embe kavu kutoka Tanzania au Uganda, muulize mkaushaji mapema: umetia salfa? Embe linalong'aa njano hata baada ya miezi mara nyingi limetiwa dioksidi ya salfa (E220). Lisilotiwa hugeuka kahawia. Kuitia si kosa. Ila ikifika zaidi ya miligramu 10 kwa kilo, sheria ya Umoja wa Ulaya inataka itajwe kwenye lebo na ikolezwe ionekane kati ya viambato vingine, maana baadhi ya wenye pumu hubanwa kifua wakiila. Usiridhike na "hatutii kitu, ndugu yangu". Peleka sampuli maabara. Mimi nachukua la kahawia. Sura halina, lakini mteja akionjeshwa kipande anasahau rangi.

Na kwenye forodha, embe na nanasi kavu huingia kundi 0804 (namba ya kutambulisha aina ya bidhaa forodhani), sawa na mabichi. Wengi huandika 0813 kwa kuona tu limeitwa "matunda makavu". Ndizi kavu ni 0803.