Wadandiaji wa Mwamba Hai: Mambo ya Kuzingatia Kabla Jiwe Halijaingia Tangini

Jiwe lililotoka baharini, lile ambalo wafugaji wa samaki wa maji ya chumvi huliita mwamba hai na kuliweka tangini, haliji peke yake. Ndani ya matundu yake kuna minyoo, kaa, konokono na viumbe vingine vilivyodandia safari kama vijana wanavyodandia lori, na tumbawe lililokatwa kwenye tangi la mtu mwingine ni vivyo hivyo. Siku mbili tatu hutaona kitu. Kisha usiku mmoja unamulika tochi na kuona miguu mingi ikirudi shimoni. Wafugaji wengi hukosea hapo hapo: wanashtuka, wanaua, halafu wanagundua wamemuua msafishaji wao wenyewe. Mimi pia niliua hivyo mwanzoni, na bado inaniuma. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba maandalizi yafanyike jiwe likiwa bado dukani.

Ukiwa huko dukani, uliza vibali. Matumbawe yote ya mawe yamo katika Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES, ule wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo kuyavusha mpaka bila karatasi ni kosa.

Nyumbani, tayarisha chombo cha karantini. Beseni la plastiki linatosha, mradi liwe na pampu ya kuzungusha maji, kipasha joto cha kushikilia nyuzi 25 au 26, na maji yenye takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Mimi huliacha jiwe humo wiki sita, hata muuzaji akiniapia kwamba limeshaoshwa. Dawa ya kuchovyea huua mnyama mzima lakini mara nyingi mayai yake hubaki salama, na mayai yakianguliwa ndani ya tangi kubwa umeshachelewa.

Karibu na beseni weka tochi iliyofunikwa karatasi nyekundu ya nailoni, kibano kirefu, chupa ya kioo, simu ya kupigia picha, glavu nene na miwani ya kukinga macho. Wengi wa viumbe hawa hawaoni vizuri mwanga mwekundu, hivyo saa moja au mbili baada ya kuzima taa utawakuta wakitembea bila wasiwasi. Piga picha kwanza. Picha ya kichwa ina faida kuliko picha kumi za mkia.

Glavu na miwani si mapambo. Baadhi ya palithoa, wanyama wadogo kama vijiua wanaoota juu ya mawe, wana palitoksini, sumu kali sana. Mwaka 2018 familia moja huko Oxfordshire, Uingereza, ilikimbizwa hospitali baada ya matumbawe ya tangi lao kusuguliwa ndani ya nyumba. Tafadhali, usichemshe jiwe hai jikoni wala kulimwagia maji ya moto ili kuua wadudu. Mvuke wake unaweza kuwafikia watoto chumba cha pili.

Sasa tuje kwa minyoo, maana ndio wanaotisha watu zaidi. Mnyoo wa kawaida wa mawe ana rangi ya waridi au kahawia, na ubavuni ana vishada vya nywele nyeupe zinazochoma kama upupu. Ukiguswa, zitoe kwa selotepu. Huyu hula mabaki ya chakula na mizoga, na ukiona wameongezeka sana ujue unalisha kupita kiasi. Mwache. Wa kuogopwa ni jamii ya Eunice: mwili unang'aa rangi za upinde wa mvua, na kichwani ana vipapasio vitano vinavyoonekana wazi. Hesabu hivyo vipapasio kabla ya kuamua lolote. Mwaka 2009, kwenye akwariamu ya Blue Reef mjini Newquay, Uingereza, walitafuta muda mrefu kinachojeruhi samaki na kukata matumbawe. Walipotoa mawe yote walimkuta mnyoo wa aina hii mwenye urefu wa zaidi ya mita moja.

Kaa mwangalie makucha. Ncha nyeusi zilizochongoka pamoja na mwili wa manyoya ni dalili mbaya. Ncha bapa kama kijiko ni za mla mwani. Lakini kaa wadogo laini wanaojificha kati ya matawi ya tumbawe, wale wa jamii ya Trapezia, usiwaguse kabisa. Hata baharini huku kwetu hulilinda tumbawe lao dhidi ya kiti cha pweza (mnyama mwenye umbo la nyota) mwenye miiba anayekula matumbawe.

Ukisikia mlio wa kugonga usiku, usikimbilie kulaani. Kamba bastola hulia hivyo, naye kwa kawaida hana neno. Kamba mantisi ndiye mharibifu, na utamjua kwa macho yaliyo juu ya vijiti, kila moja likigeuka upande wake, na kwa makombe ya konokono yaliyovunjwa mlangoni pake. Inua jiwe juu ya ndoo, kisha piga maji yenye chumvi nyingi kwa bomba la sindano ndani ya shimo. Atatoka.

Aiptasia, anemoni (mnyama wa baharini anayefanana na ua) mdogo wa kahawia kama mnazi wa kuchorwa, anataka subira zaidi ya wote. Usimkwangue wala kumbana, kwa sababu kipande kidogo cha mguu kinachobaki huota kiumbe kipya. Mpake uji mzito wa chokaa ya akwariamu mdomoni huku pampu imezimwa, au mwachie konokono uchi wa jamii ya Berghia, ambaye hali kingine.

Vijidudu vinavyorukaruka kwenye kioo, viti vya pweza wenye mikono myembamba, konokono bapa wanaotambaa usiku: hao ni neema, watie tangini.

Uliyemtoa usimrudishe baharini, hata kama unakaa Mombasa na maji yako mtaa wa pili, maana hujui alitoka bahari gani wala amebeba ugonjwa gani. Kamba mantisi wangu anaishi kwenye kitangi chake cha lita 20, na kila baada ya siku mbili mimi humpa kipande cha dagaa.