Nyangumi Akikwama Ufukweni: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kumchukua kwa Utafiti

Kuanzia Julai hadi Oktoba nyangumi nundu hupanda kutoka bahari baridi za kusini, wakaja kuzaa na kulea kwenye maji yetu ya joto. Wavuvi wa Watamu, Unguja na Mtwara huwaona wakiruka. Katika msimu huo, usishangae kupigiwa simu kwamba mmoja amelala mchangani, amekufa. Kabla jua halijazama kila mtu atakuwa na lake juu ya mzoga: huyu anataka picha, yule mafuta, na mwenye hoteli anataka uondolewe leo hii. Mtafiti kwa kawaida hufika wa mwisho. Maelezo haya ni ya afisa uvuvi, kamati ya BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe), mwalimu wa biolojia au mtu wa makumbusho ambaye hataki kufika mikono mitupu. Nazungumzia mzoga tu. Akiwa bado anapumua, hiyo ni kazi ya uokoaji: mfunikeni kwa vitambaa vibichi, acheni wazi tundu la pumzi, msimvute mkia, itweni wahusika.

Jambo la kwanza la kuamua, tena mezani, ni mnataka nini kutoka kwake. Nyangumi nundu mzima hufikia mita 15 na tani 30. Hakuna timu ya kwetu itakayopata vyote. Na vitu haviharibiki pamoja. Tabaka la shahamu linazuia joto la mwili lisitoke, kwa hiyo mzoga hujipika wenyewe kwa ndani. Ngozi inaweza kuonekana nzima huku ini limeshakuwa uji. Damu na viungo laini ni mali ya siku ya kwanza. Yaliyomo tumboni huvumilia zaidi, hasa midomo migumu ya ngisi na vipande vya plastiki. Ngozi ya kupima DNA hupatikana hata mzoga ukiwa umeoza vibaya, na mifupa husubiri miaka. Wataalamu huipa hali ya mnyama namba: 1 ni hai, 2 amekufa sasa hivi, 3 ameanza kuoza, 4 ameoza sana, 5 ni mifupa au ngozi kavu. Andikeni mapema kwamba kwa namba 2 tutafanya haya, na kwa namba 4 tutaacha yale. Bila karatasi hiyo mtapoteza asubuhi nzima mkibishana juu ya moyo uliokwisha kuyeyuka.

Msidharau vitu visivyo na kazi leo. Nyangumi buluu anayening'inia katika ukumbi mkuu wa makumbusho ya viumbe London alikwama Wexford, Ireland, mwaka 1891. Pamoja na mifupa, kuna waliotunza balini zake, yaani zile sahani za kuchujia chakula mdomoni. Zaidi ya miaka 120 baadaye wanasayansi walizipima kikemia na kusoma miaka saba ya mwisho ya maisha yake. Wakati zinang'olewa hakuna aliyejua kipimo hicho kingekuja.

Vibali ndivyo vinavyochelewesha kuliko kisu butu. Kenya mamalia wa baharini wako chini ya Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS. Tanzania Bara mlango wa kwanza ni idara ya uvuvi, na Zanzibar ina mamlaka zake. Kama sampuli itavuka mpaka kwenda maabara ya nje, nyangumi nundu yumo katika orodha ya kwanza ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo hata kipande cha ngozi kinahitaji kibali. Nendeni ofisini hizo sasa, wakati hakuna harufu, mkubaliane kwa maandishi nani atatoa ruhusa kwa simu siku ya Jumapili.

Pamoja na ruhusa, tafuteni mahali pa kumpasulia. Januari 2004 huko Taiwan, nyangumi mwenye meno wa mita 17, tani kama 50, alipakiwa kwenye lori kwa kreni tatu na wafanyakazi 50, kazi ya zaidi ya saa 13. Chuo kikuu kilikuwa kimekataa apasuliwe kwenye eneo lake, ikabidi apelekwe hifadhini. Tarehe 26 akapasuka mwenyewe katikati ya mji wa Tainan, damu na matumbo vikamwagikia maduka na magari kwa sababu ya gesi iliyojaa ndani. Kwa mwambao wetu ushauri wangu ni mmoja: mpasueni hapo hapo alipolala, kisha sogezeni vipande.

Hilo linatuleta kwenye maji kujaa na kupwa. Tofauti ya kujaa na kupwa kwetu hukaribia mita nne wakati wa bamvuo, yaani siku maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida. Mzoga ulioletwa juu na bamvuo hautaguswa na maji mpaka bamvuo lijalo, kama wiki mbili, mna nafasi. Uliokwama wakati wa maji mafu, siku ambazo maji hujaa kidogo, unaweza kuelea na kuondoka usiku wa pili, kisha ukatua kijiji kingine. Wekeni jedwali la maji kwenye simu, na kamba nene na nanga karibu. Wazuieni watu kuogelea jirani, maana papa hufuata mafuta.

Kuhusu wanakijiji, kumbukeni Nungwi, kaskazini mwa Unguja. Mwishoni mwa Aprili 2006 pomboo wapatao 400 walikutwa wamekufa ufukweni. Uchunguzi ulionyesha matumbo yao hayakuwa na chakula cha maana, lakini wakati huo huo watu walikuwa wakipasua na kuchukua maini, kwa kuwa mafuta ya ini hupakwa vyombo visiingize maji. Hawakuwa wezi. Ni matumizi ya siku zote pwani, ila ini ndilo kiungo ambacho maabara ya sumu hukililia. Basi sheha, mwenyekiti au chifu aambiwe mapema nini kinatafutwa na kwa nini, na vijana wa hapo walipwe kama wafanyakazi. Utepe wa polisi peke yake haujawahi kumzuia mtu mwenye jahazi linalovuja. Tarajieni pia watafuta ambari, kile kitu kama nta cha kutengenezea manukato. Waelezeni kwamba ambari hutoka kwa nyangumi mkubwa mwenye meno na kichwa kama sanduku, nundu hana.

Kisu kisiguse kitu kabla ya vipimo na picha. Urefu hupimwa kwa mstari ulionyooka kutoka ncha ya taya ya juu hadi pengo la katikati ya mkia, bila kufuata mviringo wa mwili. Pigeni picha pande zote mbili, pezi la mgongoni, na zaidi ya yote upande wa chini wa mkia: alama zake hazifanani kati ya nundu wawili, na huenda huyu ameshapigwa picha akiwa hai. Tafuteni alama za kamba, nyavu na propela.

Sanduku la sampuli likae limefungwa tayari: chupa za spiriti kali ya maabara kwa ngozi, karatasi ya alumini kwa shahamu, kwa kuwa plastiki huchafua kipimo cha kemikali, fomalini ya asilimia 10 kwa viungo, vipande visizidi unene wa sentimita moja, na dawa iwe mara kumi ya nyama. Kila chupa iwe na lebo ya penseli, kwani spiriti hufuta wino. Wapasuaji wavae ovaroli, buti, glavu mbili, miwani na barakoa. Bakteria wa brusela huishi kwa nyangumi na pomboo na humwingia binadamu. Tumbo lililovimba litobolewe kwa kisu cha mpini mrefu, mtu akisimama pembeni upande upepo unakotoka. Katapila ikodishwe kwa bei iliyokubaliwa kabla, la sivyo mwenye nayo ataitaja bei akiwa amesimama puani mwa harufu.

Mkiamua kuhifadhi mifupa, ondoeni nyama kwanza. Nyangumi buluu wa mita 26 aliyekufa Kanada mwaka 1987 alifukiwa katika udongo mwekundu wa kisiwa cha Prince Edward. Alipofukuliwa mwaka 2008 ili apelekwe Vancouver, bado alikuwa na nyama iliyooza. Mchanga wetu wa joto hufanya kazi haraka zaidi, mradi shimo liwe juu ya mstari wa bamvuo, mbali na visima na viota vya kasa. Fungeni kila pezi la mbele ndani ya kipande cha wavu, vidole visitawanyike. Tafuteni mifupa miwili midogo ya nyonga, iliyomo ndani ya nyama bila kushikana na uti wa mgongo. Ndiyo hutupwa na matumbo. Chukueni vipimo vya GPS vya mahali pa shimo na mchore ramani, kwa kuwa mnazi wa alama hukatwa.

Mwisho ulizeni nani atapokea mifupa na ataiweka wapi. Imejaa mafuta. Katika makumbusho ya New Bedford, Marekani, nyangumi buluu aliyeuawa na meli mwaka 1998 aliendelea kudondosha mafuta kwa miaka mingi baada ya kutundikwa. Chumba chenye sakafu ya saruji, paa, mlango wa kufunga na bajeti ya kuosha kwa miaka miwili kipatikane kabla ya jembe la kwanza.